BCAA, EAA, wei au glutamini: kopo lipi linajenga misuli kweli?

Kwa mtu mwenye afya njema, anayenyanyua vyuma mara tatu au nne kwa wiki na anayekula vizuri, jibu fupi ni hili: BCAA (mchanganyiko wa asidi amino tatu, yaani vipande vinavyounda protini) haihitaji, glutamini (asidi amino moja) haihitaji, EAA (asidi amino tisa za lazima) ina kazi kwa watu wachache, unga wa wei (protini ya maziwa) ni chakula kilicho rahisi kubeba, na kopo pekee ambalo ningelitetea ni la kreatini, ambayo hata haimo kwenye orodha ya asidi amino zinazojenga protini. Jibu refu lina manufaa zaidi, kwa sababu wengi wanaosema wanakula vizuri hawajawahi kupiga hesabu.

Kinachotokea ukishaweka chuma chini

Msuli hautulii. Kila saa kuna protini inayovunjwa na nyingine inayojengwa, na ukubwa wa msuli ni matokeo ya hesabu hizo mbili kwa miezi mingi. Kunyanyua uzito huchochea pande zote mbili. Ukinyanyua kisha usile kitu, ujenzi hupanda lakini uvunjaji bado huushinda; chakula chenye protini ndicho kinachogeuza hesabu iwe ya faida. Utayari huo wa msuli kupokea protini hudumu siku nzima na mara nyingi hufika saa 48, kwa hiyo ile hofu ya kukimbilia chupa ndani ya nusu saa baada ya zoezi la mwisho imekuzwa mno. Aliyekula mlo wa maana saa mbili kabla ya mazoezi bado ana asidi amino zinazozunguka kwenye damu anapotoka kuoga.

Protini za mwili hutengenezwa kwa asidi amino 20. Kumi na moja kati ya hizo mwili hujitengenezea wenyewe. Tisa lazima ziingie kwa mdomo: histidini, isoleusini, leusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Threonini ndiyo iliyogunduliwa mwisho, mwaka 1935, na kundi la William Rose katika Chuo Kikuu cha Illinois. Walikuwa wakiwalisha panya mchanganyiko wa asidi amino zote zilizojulikana wakati huo, na panya bado hawakui. Ilikosekana moja tu, na hiyo moja ilitosha kuwakwamisha. Wakumbuke panya hao tutakapofika kwenye BCAA.

Kati ya hizo tisa, leusini ina kazi ya ziada. Mbali na kuwa sehemu ya protini yenyewe, huamsha mfumo wa ndani ya seli unaoitwa mTOR, ambao ndio unaotoa ishara ya kuanza kujenga. Kwa kijana, mlo wenye gramu 2 hivi za leusini huelekea kutosha kuamsha mfumo huo; mzee anahitaji karibu 3, kwa kuwa msuli wake umekuwa mzito wa kuitikia. Hapo ndipo biashara nzima ya makopo ya leusini ilipopata mlango.

Kilicho na uzito kuliko yote hayo ni jumla ya siku. Mwaka 2018 majaribio 49 yenye washiriki zaidi ya 1,800 yalichambuliwa kwa pamoja, na faida ya kuongeza protini kwa wanaofanya mazoezi ya uzito ilionekana kufika kikomo, kwa wastani, karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 anazungumzia gramu 112. Kile kiwango cha gramu 0.8 kinachotajwa na miongozo ya afya kiliwekwa ili mtu asipungukiwe. Hakikupangwa kwa anayetaka kuongeza misuli.

Kabla ya kununua chochote, basi, hesabu siku mbili za kawaida, moja ya kazi na moja ya mapumziko. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa gramu 8, gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa karibu 30, kikombe cha maharage yaliyoiva karibu 15. Ukifika gramu 110 bila kuhangaika, sehemu kubwa ya makala hii itakuokolea pesa tu. Ukigota kwenye 60, kuna kazi ya kufanya, na kopo la asidi tatu haliwezi kuifanya.

BCAA dhidi ya EAA

Hapa ndipo watu wanapochanganywa zaidi, kwa sababu makopo yanafanana, rangi zinafanana, na hata ahadi zilizoandikwa ubavuni zinafanana.

BCAA ni asidi tatu: leusini, isoleusini na valini, mara nyingi kwa uwiano wa 2:1:1. EAA ni zote tisa za lazima. Kwa maneno mengine, kila kopo la EAA lina BCAA ndani yake, lakini kopo la BCAA linakosa asidi sita.

Sababu iliyoipa BCAA umaarufu ni ya kweli. Hizo tatu ni kama theluthi moja ya asidi za lazima zilizomo kwenye protini ya misuli, na tofauti na nyingine nyingi, huchomwa zaidi ndani ya misuli kuliko kwenye ini. Leusini nayo ndiyo yenye ishara. Ukiishia hapo, hoja inaonekana imekamilika. Lakini ishara ya kujenga bila zile sita nyingine ni sawa na kumwita fundi alfajiri huku kiwanjani kuna mchanga na saruji tu, tofali hakuna. Fundi huyu hatakaa bure. Atang'oa tofali za chumba cha nyuma ili ajenge cha mbele. Ndivyo mwili unavyofanya: asidi zinazokosekana huzitoa kwenye protini uliyonayo tayari, ikiwemo ya misuli yenyewe.

Mwaka 2017 mtafiti wa Marekani, Robert Wolfe, alipitia ushahidi wote aliouona kuhusu BCAA zikitumiwa peke yake na binadamu. Alipata tafiti mbili tu, zote za kuingiza BCAA kwa dripu, na katika zote mbili uvunjaji wa protini ulipungua lakini ujenzi nao ukapungua. Mwaka huohuo jaribio la Uingereza liliwapa vijana waliozoea mazoezi gramu 5.6 za BCAA baada ya kunyanyua, na ujenzi wa protini ya misuli ukapanda kwa asilimia 22 kuliko kwa waliokunywa kinywaji kisicho na BCAA. Watetezi wa BCAA hulinukuu jaribio hili kila siku. Wanachoruka ni kwamba ongezeko hilo ni dogo kuliko linaloonekana kwa wei yenye kiasi kilekile cha BCAA, na kwamba lilipimwa kwa saa chache, si kwa misuli iliyoongezeka baada ya miezi. Kwa hiyo BCAA si maji ya bomba, inafanya kitu. Inafanya kidogo kuliko ambavyo protini kamili ingefanya kwa pesa hiyohiyo.

Upande wa maumivu ya misuli ya kesho yake na keshokutwa, BCAA ina hoja nzuri kidogo. Tafiti kadhaa zimeonyesha maumivu yakipungua kiasi kwa watu waliokunywa BCAA kabla na baada ya mazoezi wasiyoyazoea. Angalia tu walilinganishwa na nini: mara nyingi ni na kinywaji kitupu, si na mtu aliyekula protini ya kutosha siku hiyo.

Ukiona kopo linalojisifu kwa uwiano wa 8:1:1, lipite. Leusini nyingi ikiingia peke yake hushusha kiwango cha isoleusini na valini kwenye damu, hivyo unalipa zaidi ili upate mchanganyiko uliopinda zaidi.

EAA inasimama vizuri zaidi kwenye ushahidi. Majaribio ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yalionyesha kuwa asidi za lazima pekee zinatosha kuchochea ujenzi baada ya mazoezi, bila zile 11 nyingine, na kwamba hata gramu 6 zina athari inayopimika. Gramu kwa gramu, EAA ina nguvu kuliko wei, kwa sababu karibu nusu ya wei ni asidi ambazo mwili ungejitengenezea. Pia hazihitaji kumeng'enywa. Ziko huru tayari, zinafika kwenye damu haraka.

Swali ni nani anahitaji haraka hiyo. Mzee asiye na hamu ya kula, ambaye kumaliza gramu 30 za protini kwenye mlo ni vita, anaweza kunywa gramu 10 au 15 za EAA kwenye glasi moja na tumbo lisijae. Aliyelazwa naye yumo. Katika jaribio la mwaka 2004, wanaume wenye afya walilazwa kitandani siku 28. Waliopewa EAA pamoja na wanga mara tatu kwa siku walihifadhi misuli ya miguu vizuri kuliko waliokula mlo wa kawaida peke yake. Anayepunguza uzito kwa kubana kalori sana, na tayari amebana kila kona, anaweza kuona faida. Kijana mwenye njaa ya kawaida haoni tofauti yoyote ya maana kati ya EAA na mayai matatu na glasi ya maziwa.

Kuna jambo la ladha ambalo picha za makopo hazisemi. Leusini ni chungu na haipendi maji: ukimwaga unga usio na ladha kwenye glasi, chembe nyeupe huelea juu kama vumbi la chaki, unakoroga, zinashuka kidogo, kisha zinapanda tena na kung'ang'ania ukuta wa glasi. EAA huongeza methionini, ambayo ina salfa, na ukifungua kopo unapokewa na kitu kinachokaribia harufu ya yai lililoharibika. Ndiyo maana karibu zote huuzwa zikiwa zimezamishwa kwenye utamu bandia na ladha kali za matunda. Sina ugomvi na ladha ya tikiti maji, ila ujue sehemu ya bei ni ya kuficha hiyo harufu.

Jambo jingine: baadhi ya lebo za BCAA huandika kalori sifuri. Asidi amino zina takriban kalori 4 kwa gramu, sawa na protini yoyote. Gramu 10 ni kalori 40 hivi. Anayekunywa chupa mbili asubuhi akiamini bado amefunga, amekwisha kufungua.

Wei, na ndugu zake wa unga

Wei ni protini inayobaki kwenye maji ya maziwa baada ya maziwa kugandishwa kuwa jibini. Kwenye maziwa ya ng'ombe ni kama asilimia 20 ya protini yote. Asilimia 80 ni kaseini. Ina asidi zote tisa, na kati ya protini za kawaida ndiyo tajiri zaidi wa leusini, karibu asilimia 10 au 11. Gramu 25 za protini ya wei hukupa leusini gramu 2.5 au zaidi kidogo, kiasi kilekile ambacho wauza BCAA wanakuambia ukitafute.

Unga wa wei wa kawaida una protini asilimia 70 hadi 80, sehemu iliyobaki ikiwa sukari ya maziwa, mafuta na maji. Uliosafishwa zaidi hufika asilimia 90. Tofauti kwenye misuli haionekani. Tofauti kwenye tumbo huonekana, na hata kusikika: anayesumbuliwa na laktosi, yaani hiyo sukari ya maziwa, alipie gharama ya ule uliosafishwa, kwa faida yake na ya wanaokaa naye.

Kaseini huganda tumboni na kuachilia asidi amino polepole kwa saa nyingi, ndiyo maana hupendekezwa kabla ya kulala. Inafanya kazi. Maziwa yenyewe na mtindi mzito vina kaseini hiyohiyo, kwa hiyo kopo lake silioni kuwa la lazima.

Kwa wasiotumia maziwa, soya ndiyo yenye historia ndefu ya utafiti, na unga wa njegere uko sawa pia. Zote mbili zina leusini karibu asilimia 8, hivyo badala ya gramu 25 chukua 30 au 35. Mchanganyiko wa njegere na mchele una mantiki: mchele umepungukiwa lisini, njegere imepungukiwa methionini, na kila mmoja anamfunika mwenzake.

Kwa anayependa kuona namba kando kwa kando:

| Kilichomo kwenye dozi | Leusini | Asidi za lazima | Mtu wake |
|---|---|---|---|
| Wei, gramu 25 za protini | gramu 2.5–2.8 | zote 9 | asiyefikisha protini ya siku |
| EAA, gramu 10 | kwa kawaida 2–4 | zote 9, kagua lebo | mzee, mgonjwa, asiye na hamu ya kula |
| BCAA 2:1:1, gramu 10 | gramu 5 | 3 | ni vigumu kumpata |
| Kolajeni (protini ya ngozi na kano), gramu 20 | chini ya 1 | 8, haina triptofani | mwenye shida ya kano, si ya misuli |
| Glutamini, gramu 5 | 0 | 0 | hayupo jimu |

Safu ya leusini peke yake ingekufanya uchague BCAA. Soma safu mbili kwa pamoja.

Glutamini

Inauzwa kwa hoja kwamba ndiyo asidi amino iliyo nyingi zaidi ikiwa huru kwenye damu na misuli, na hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mwili unaitengeneza wenyewe na kwamba sehemu kubwa ya unayoimeza hutumiwa na utumbo kabla haijafika kwenye msuli wowote. Jaribio lililochapishwa mwaka 2001 liliwapa vijana glutamini nyingi kila siku kwa wiki sita wakiwa kwenye mazoezi ya uzito; nguvu na misuli havikuzidi vya wenzao waliopewa unga mtupu. Hospitali zimeitumia kwa waliochomwa na moto, lakini hata huko si ya kumpa kila mtu: jaribio kubwa la mwaka 2013 kwa wagonjwa mahututi ambao viungo vyao vingi vilikuwa vikishindwa kufanya kazi lilionyesha vifo vikiongezeka kwa waliopewa glutamini. Kwa mtu mzima wa jimu, pita.

Kolajeni

Kolajeni haina triptofani kabisa na leusini yake ni kiduchu, hivyo kuihesabu gramu kwa gramu kwenye protini ya siku ya kujenga misuli ni kujidanganya. Mahali pake ni kwenye kano na nyuzi zinazoshikilia viungo. Jaribio dogo la mwaka 2017 liliwapa watu gramu 15 za jelatini (kolajeni iliyopikwa) yenye vitamini C saa moja kabla ya kuruka kamba, na alama za utengenezaji wa kolajeni kwenye damu zikapanda mara mbili. Ni dalili inayovutia, ingawa kilichopimwa kilikuwa damu, si jeraha lililopona. Mwenye goti linalolalamika anaweza kujaribu bila hasara kubwa.

Kreatini, mgeni aliyeshika meza

Mwili huitengeneza kwa asidi amino tatu, yaani arginini, glisini na methionini, ndiyo maana huwekwa rafu moja na hizi nyingine. Haitumiki kujenga protini. Hukaa ndani ya msuli kama akiba ya nguvu za haraka, zile za marudio ya mwisho mawili au matatu ambayo bila hiyo usingeyafikisha. Mwaka 1832 Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitoa kwenye nyama na kuipa jina. Leo pengine hakuna kirutubisho cha nguvu kilichochunguzwa kuliko hicho.

Gramu 3 hadi 5 kila siku, saa yoyote, na baada ya wiki tatu au nne misuli inakuwa imejaa. Mwenye haraka hutumia gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne, kwa siku tano hadi saba, kisha anashuka. Utaongezeka kilo moja au mbili mwanzoni: ni maji ndani ya msuli, usishangilie wala usiogope. Aina ya monohidrati ndiyo ya bei ya chini na ndiyo iliyopimwa zaidi. Matoleo mapya yenye majina marefu hayajaipita.

Onyo moja la vitendo. Kreatini hugeuka kuwa kreatinini, ambayo hospitali huipima kuangalia figo. Ukienda kupima damu, mwambie daktari unatumia, la sivyo unaweza kuambiwa figo zako zina tatizo ambalo halipo.

Kuhusu hizo nyingine za pembeni: HMB ni kitu ambacho mwili hutengeneza kutoka leusini, kama asilimia 5 yake tu hufika huko, na dozi ya gramu 3 kwa siku inaonekana kuwafaa zaidi wanaoanza na wazee kuliko waliokomaa kwenye vyuma. Beta-alanini, asidi amino nyingine, husaidia kazi kali ya dakika moja hadi nne, inahitaji wiki kadhaa, na hukufanya usikie mchonyoto wa sindano usoni na mikononi; mchonyoto huo hauna madhara na hauthibitishi kwamba inajenga chochote. Arginini huuzwa kwa ajili ya kufanya misuli ivimbe na mishipa ionekane, lakini nyingi huharibiwa kwenye utumbo na ini. Sitrulini hukwepa njia hiyo na kugeuzwa arginini kwenye figo, hivyo kama lazima umchague mmoja kati ya hao wawili, mchague huyo.

Kusoma lebo kabla ya kulipa

Maabara nyingi hupima protini kwa kupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Kipimo hicho hakijui naitrojeni imetoka wapi. Mtengenezaji asiye mwaminifu huongeza glisini au taurini, ambazo ni rahisi kupatikana, na namba ya protini inapanda bila protini kuongezeka. Ni mwanya uleule uliotumiwa China mwaka 2008, melamini ilipotiwa kwenye maziwa na watoto wakaumia. Kinga yako ni leusini: unga wa wei unaodai gramu 25 za protini lakini ukaandika leusini gramu 1.5 una jambo unaloficha. Usioandika asidi amino hata moja unakuomba imani tu.

Kwenye EAA, dai gramu za kila moja kati ya hizo tisa. Wengine hujaza BCAA kisha wananyunyizia sita zilizobaki ili jina libadilike. Ukikuta zote zimefungwa kwenye jumla moja ya "fomula maalumu", rudisha rafuni.

Usafi si jambo la nadharia. Mwaka 1989 nchini Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua maumivu makali ya misuli na makumi wakafariki, na chanzo kikafuatiliwa hadi kwenye vidonge vya triptofani vilivyotoka kwa mtengenezaji mmoja. Mwanariadha anayepimwa dawa zilizopigwa marufuku atafute nembo ya Informed Sport au NSF Certified for Sport. Asidi amino zenyewe hazijapigwa marufuku. Vinavyoponza watu ni vitu vilivyochanganyika nazo kiwandani.

Wapo wasiopaswa kugusa bila daktari: mwenye ugonjwa wa figo au ini, mjamzito, na mwenye magonjwa ya kurithi yanayomzuia kuvunja fenilalanini au BCAA. Anayetumia levodopa kwa ugonjwa wa Parkinson ajue kwamba asidi amino hugombania mlango mmoja na dawa hiyo, hivyo saa ya kunywa ina maana.

Ukiwa umesimama mbele ya rafu

Unayeanza, unakula gramu 60 au 70 kwa siku: ongeza chakula kwanza, halafu wei kufidia pengo, halafu kreatini. Uliyekwisha kufikisha 1.6 kwa kilo: kreatini tu. Mama au baba wa miaka 70 anayeacha nusu ya sahani: EAA au wei kidogo ndani ya uji au maziwa, pamoja na mazoezi ya kuinuka kwenye kiti na kubeba uzito mdogo, maana bila mazoezi asidi hizo hujenga kidogo. Asiyekula vya mnyama: soya au njegere na mchele, na kreatini huenda ikamfaa zaidi, kwa kuwa akiba yake huwa ndogo. Anayefanya mazoezi alfajiri tumbo likiwa tupu na hawezi kumeza kitu kizito: hapo tu ndipo ningesema EAA kwa kijana, na hata hapo nusu dozi ya wei ingetosha.

Bei usilinganishe kopo kwa kopo. Chukua idadi ya dozi, zidisha kwa gramu za protini au asidi amino katika kila dozi, kisha gawa bei kwa jibu. Kopo la BCAA la dozi 30 zenye gramu 7 lina gramu 210, basi. Mfuko wa kilo moja wa wei ya kawaida yenye protini asilimia 78 una gramu 780, na ndani yake, bila kutangazwa popote mbele ya mfuko, kuna BCAA zaidi ya gramu 160.